Ngamia Aliyekosa Mwenyewe

Kijana aliyetengeneza tovuti ya soko letu la mifugo hapa Garissa amefariki juzi asubuhi kwa ugonjwa wa figo, na alasiri hiyo hiyo akazikwa. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Mnaonisoma mnajua mimi sina desturi ya kumsifu mtu kwa sababu tu amekufa. Angekuwa mvivu ningesema alikuwa mvivu. Hakuwa mvivu. Lakini alikosea, na nitaanza na kosa lake.

Tovuti ilipokuwa mpya, mjane mmoja alimleta ngamia wake mwenye mimba kutoka Modogashe. Kiangazi kilikuwa kimemmalizia wengine wote. Akapatana na mnunuzi, karani wa soko akabonyeza kuhamisha jina, mtandao ukakatika katikati. Uliporudi, jina la mjane lilikuwa limeondoka kwa yule ngamia na la mnunuzi halijaingia. Mnunuzi akasema halipi mnyama asiyekuwa wake. Mjane akataka kurudi naye kwao, askari wa lango akamzuia, kibali hakitoki bila jina la mwenyewe. Ngamia akabaki zizini, akisukumwa na madume, mpaka mimba ikatoka.

Mimi nauza maziwa pale pale sokoni. Kijana alikuja na kompyuta yake, akakaa kwangu, nikamuuliza amemfanyia nini huyu mama. Hakujificha. Alisema kila kipande cha programu yake ya Java kilikuwa kinafunga kazi yake chenyewe. Kilichotoa jina kikamaliza na kuandika, cha kuweka jina kikakwama njiani, na hakuna aliyevishika vyote viwili. Karibu nasi wazee wawili walikuwa wameshikana mikono chini ya shuka, wakipatana bei kwa vidole.

"Ayeeyo, bibi yangu, nitaifanya iwe kama wale," akasema, akiwaonyesha wazee. "Muamala uwe na mmoja wa kuufungua, na huyo huyo aufunge. Vipande vingine vifanye kazi yao vinyamaze. Kitu kikikatika kabla ya mikono kuachiana, yote yarudi yalivyokuwa."

"Na mimba ya ngamia nayo itarudi?"

Alitengeneza, na tangu hapo sijasikia mnyama aliyekosa mwenyewe.

Mwaka jana aliposa msichana mmoja huko Habaswein. Wazee walishakaa, zawadi zilishapokelewa, ikabaki nikaha tu. Daktari alipomwambia habari ya figo, jamaa zake walimshauri anyamaze. Akakataa. Akapanda basi na miguu imevimba, akakaa mbele ya baba wa msichana, akasema anamwachia huru, yote yawe kama hakuja. Aliporudi aliniambia msichana alisema neno moja tu kutoka nyuma ya pazia: "Mimi hukuniuliza."

Jana msichana huyo alikuja matangani. Wanawake walimpa pole mama wa marehemu, wakawapa dada zake, wakampita yeye. Si mke, si ndugu, jina lake halimo popote. Nikahamia mkekani kwake, nikamshika mkono, nikampa pole ya mjane. Akalia mpaka Magharibi, nami sikumwambia anyamaze.

Kompyuta ikirudishwa nyuma husahau. Binadamu hasahau. Mkimkuta mtu amebaki katikati, msimuulize ameandikwa wapi. Mpeni pole yake.