Balbu Iliyoungua

Majuzi dukani hapa Iringa, mwalimu wa sayansi kutoka Nyololo aliomba balbu iliyoungua.

“Iliyoungua utafundishia nini, mwalimu?” muuzaji akashangaa.

Mwalimu akaipokea, akaitoboa kitako kwa msumari, akaijaza maji, kisha akaishika juu ya sisimizi aliyekuwa akikatiza kaunta. Muuzaji akainama, akafuta miwani, akainama tena.

“Kumbe sisimizi ana kiuno!”

Foleni nzima tukasahau tulichofuata, tukagombea zamu ya kuchungulia.

Jana nami nilikwenda kuomba yangu.

“Zilizoungua zimekwisha, ndugu,” muuzaji akanijibu. “Zimebaki nzima tu. Chukua moja, usubiri iungue.”

Nimechukua. Naiwasha mchana na usiku, na balbu hii kaidi inazidi kung'aa.