Maji ya Manga huchemka kwa nyuzi 93

Saa moja na nusu asubuhi, ukungu haujaondoka Manga, na Orpah Nyakerario ameshawasha jiko la gesi katika maabara ya shule. Juu ya jiko ametenga sufuria ya maji. Wanafunzi wa Gredi ya 10 wamemzunguka, wengine bado wanajipangusa matope ya njiani.

"Vitabu vifungwe," anaagiza. "Leo hakuna kuuliza kitabu. Uliza themomita."

Maji yanatokota. Msichana mmoja anainama mpaka jicho lake liwe sawa na ncha ya uzi mwekundu ndani ya kipimajoto. Anasoma, anasita, anasoma tena.

"Madam, ni tisini na tatu. Lakini si inafaa kuwa mia?"

"Wewe umeona ngapi?"

"Tisini na tatu."

"Basi andika ulichoona."

Maneno hayo matatu yalimchukua Orpah miaka kumi na mitano kuyajua, na anakiri bila kuficha kwamba aliyemfundisha ni mtoto.

Orpah, 43, ndiye msimamizi wa maabara katika shule hii ndogo ya kutwa, Kaunti ya Nyamira. Bodi humlipa Sh14,500 kwa mwezi, na majani chai ya kishamba chake huziba pengo. Huchanganya kemikali, huosha vyombo, huwaongoza wanafunzi katika majaribio na kusahihisha madaftari yao. Stendi za chuma zilipovunjika hakungoja za kununuliwa. Alimwendea kaka yake Osoro, mchongaji wa Tabaka, akamchongea vikalio vya mawe ya sabuni. Ndivyo vinavyoshikilia bureti, mirija ya kupimia asidi, hadi leo, kimoja kikiwa na umbo la kiboko.

Chini ya meza yake kulikuwa na boksi lililoandikwa MBOVU. Kila kipimajoto kilichokataa kufika 100 katika maji yanayochemka kilitupwa humo. Vilifika kumi na kimoja, huku darasa la wanafunzi 46 likigombania vitatu vilivyobaki, ambavyo Orpah hakuwa amepata nafasi ya kuvijaribu.

"Nilikuwa nazika wazima," anasema huku akicheka. Kisha kicheko kinakatika, kwa sababu anamkumbuka Mokeira.

Emily Mokeira, ambaye sasa yuko Kidato cha Nne, alikuwa Kidato cha Kwanza mwaka wa 2023. Darasa zima lilichemsha maji na darasa zima likaandika 100, kwani ndivyo kitabu kilivyosema. Mokeira peke yake aliandika 93. Orpah alimpiga mkasi, ile alama ya kosa, kwa kalamu nyekundu, akaandika kando: "Jifunze kusoma kipimo."

Miaka miwili ikapita. Mapema mwaka jana, Orpah aliwapa Kidato cha Tatu kazi ya kudondosha asidi kwenye alkali mpaka rangi ibadilike. Aliwatega: kila meza aliipa asidi ya nguvu tofauti, ili aone nani anapima na nani ananakili. Meza ya Mokeira ilipaswa kupata karibu mililita 20. Mokeira aliandika 24.6, jibu la meza ya jirani, hadi nukta yake.

Orpah alimwita. Anasema alitarajia machozi au uongo.

"Madam, ile ya Form One nilisoma vizuri, nikapigwa mkasi," msichana alimjibu kwa adabu, macho chini. "Nikaona heri niwe naandika ya wengi."

"Nilijilaumu," Orpah anasema. "Huyu mtoto anataka kuwa nesi. Nesi anayeandika joto la mgonjwa wa kitanda cha pili! Na mwalimu wake wa uongo ni mimi."

Jioni ile alivitoa vyote kumi na kimoja katika boksi, akavitia katika sufuria moja. Vyote vilisoma 93. Kukosea ni kawaida, lakini vitu kumi na kimoja kukosea sawasawa kulimtia shaka.

Kesho yake alishuka Kisii mjini kuomba barafu kwa rafiki yake Dahabo, mwenye hoteli. Katika barafu inayoyeyuka, vyote vilisoma sifuri, kama inavyotakiwa. Vilikuwa vizima. Dahabo, aliyekulia Garissa na ambaye humwita Orpah kwa jina la mwanawe, aliangua kicheko alipoelezwa tatizo.

"Mama Bosire, mimi nimekuambia kila siku. Maharagwe ya huku yanakula makaa mara mbili ya kwetu. Maji ya mlima yanachemka haraka, lakini hayana moto!"

Hapo ndipo Orpah alipojishika kichwa. Chuoni alifundishwa kwamba kadiri unavyopanda ndivyo hewa inavyopungua uzito, na maji huchemka kabla ya kufika mia. "Niliandika hivyo kwa mtihani nikapata maki. Sikujua wanaongea juu ya sufuria yangu."

Hata hivyo hakutaka tena kuamini kabla ya kupima. Alibeba sufuria ileile, kipimajoto kimoja cha boksini, namba nne, na maji ya chemchemi ileile ya Manga. Kwa Dahabo yalichemka kwa 94. Jumapili, maana Jumamosi kwake ni Sabato, alikwenda Kisumu kwa dadake Ruth. Yalichemka kwa 96. Kilichobadilika kilikuwa mahali tu.

Kutoka Kisumu alipitia moja kwa moja nyumbani kwa kina Mokeira, karibu na Birongo, kuulizia daftari la Kidato cha Kwanza. Alimkuta mama mtu akilichana kurasa za kuwashia moto. Nusu lilikuwa limekwisha. Ukurasa wenye ile 93 ulikuwa bado haujachomwa.

Jumatatu, mbele ya darasa zima, Orpah aliukata kwa mstari ule mkasi wake mwenyewe, akatia alama ya sahihi na kuweka saini. "Mokeira alisoma vizuri. Mimi ndiye sikusoma. Nisamehe." Huku kwetu mtu mzima hamwombi mtoto radhi hadharani.

Mokeira, 17, anaikumbuka siku hiyo kwa aibu na furaha. "Nilitaka kuingia chini ya meza. Lakini tangu hiyo siku, hata nikipata tofauti na wote, sifuti." Katika mtihani wa majaribio wa muhula uliopita alipata 33 kati ya 40. Mtihani wa taifa unamngoja mwishoni mwa mwaka.

Ukurasa ule ulioponea motoni sasa umebandikwa ukutani, na boksi la MBOVU linahifadhi chaki.

Mpango wa Orpah ni mmoja. Amefundisha "mia" maisha yake yote na hajaiona hata siku moja. Mitihani ikiisha, anataka kumchukua Mokeira na kipimajoto namba nne hadi Mombasa, wachemshe maji kandokando ya bahari.

Na wakifika huko, kipimajoto kikigoma kwenye 99?

Orpah anamtazama mwandishi kama anavyomtazama mwanafunzi wa Gredi ya 10.

"Tutaandika tisini na tisa."