Fundi wa Vibao Aliyemrudishia Mumewe Barabara

Saa mbili asubuhi, jua limeshaingia karakanani na kujilaza juu ya meza ndefu. Mwanamke aliyefunga kilemba cha buluu ameinamia bati la kijani, anabandika herufi mbili nyeupe. Anazipangusa taratibu kwa kitambaa, kama mama anayemfuta mtoto uso, kisha anarudi nyuma na kuzitazama.

"KL," anasoma kwa sauti ya chini. "Umependeza, mwanangu. Safari njema."

Wenzake wamezoea. Hapa wote wanamwita Fundi Herufi, na hakuna kibao kinachotoka mikononi mwake bila kuagwa.

Kazi yake ni kutengeneza vibao vya barabara kuu. Wizara ya barabara ilipoamua kila jimbo liandikwe kwa herufi mbili zilezile kila mahali, na kila barabara ibebe namba moja tangu mwanzo hadi mwisho, karakana ilifurika mabati. Zamani barabara hiyohiyo ilibadilishwa jina kila ilipovuka mpaka wa jimbo.

"Ilikuwa kama mtu mwenye majina matatu," anasema. "Ukimwita hili, haitiki."

Kwa miaka mingi barabara hizo alizijua kwa herufi tu. Aliyezijua kwa magurudumu ni mumewe, dereva wa lori la masafa marefu, ambaye madereva wenzake walimpachika jina Breki kwa kuwa hakupenda kukimbia.

Jioni Breki alikuwa akipiga simu: "Naingia jimbo la PN, mke wangu. Ukungu umemwagika barabarani kama maziwa." Naye, mwiko mkononi, alijiona amekaa kiti cha pembeni, vilima vikipita dirishani kimoja kimoja. Chakula kiliungua mara nyingi.

Kisha macho ya Breki yakaanza kufifia. Daktari akamwambia aachane na usukani. Hakulia wala hakugomba. Alirudi nyumbani, akavuta kiti karibu na dirisha, akanyamaza.

"Nyumba ilikuwa na mtu, lakini ilikuwa tupu," anasema mkewe. "Nikimsimulia ya kazini, anageukia ukutani. Niliogopa nitampoteza huku namtazama."

Mwaka jana msimamizi wa karakana alitafuta mtu wa kukagua vibao vikishasimamishwa. Fundi Herufi alisita. Amwache mumewe na nani? Binti yao akamkatiza: "Mama, nenda. Baba niachie mimi."

Akapanda gari la mafundi na, kwa mara ya kwanza, akaifuata barabara aliyoiandika kwa mikono yake. Kwenye mpaka wa jimbo, kibao kipya kilipokwisha kukazwa, alipiga simu nyumbani.

"Breki, niko barabara ya A6. Naingia PN."

Upande wa pili kiti kikasikika kikivutwa.

"Kulia kwako," sauti ikasema, kavu kwa kukaa bila kazi, "kuna mto?"

"Upo."

"Basi mbele kuna kona ndefu. Ukiimaliza, bonde lote litafunguka. Usipepese macho, utajuta."

Gari likaondoka. Kona ikaja, ikapinda, ikazidi kupinda kama haitaki kuisha. Halafu ardhi ikafunguka: bonde la kijani kilichokolea, mto ukimetameta katikati, vivuli vya mawingu vikitembea polepole juu ya mashamba. Fundi Herufi bado alikuwa na simu sikioni.

"Umeliona?"

"Nimeliona."

"Niambie lilivyo leo."

Akamwambia. Binti yao hucheka anapoikumbuka siku hiyo: baba alizungumza mpaka simu ikaisha chaji, kisha akaomba chakula, akala, akaongeza.

Tangu hapo kila safari huenda hivyo. Breki humtajia kilicho mbele, mkewe humwambia kilivyo sasa.

"Tumegawana," anasema Breki, uso ameuelekeza kwenye mwanga. "Mimi nina barabara ya zamani kichwani, yeye ana ya leo."

Si kwamba huzuni imehama. Zipo siku hataki hata redio iwashwe, na mkewe hafichi hilo. Siku hizo hukaa naye tu, mkono begani.

Sasa Fundi Herufi anajifunza kuendesha gari. Jumapili, uwanja wa karakana ukiwa mtupu, Breki hukaa kando yake na kuisikiliza injini.

"Inalia hiyo! Badilisha gia, mke wangu, utaiua!"

"Ananigombeza utadhani ameniajiri," mkewe anacheka, gari likiwa limezimika tena.

Akipata leseni, wataazima gari la kaka yake na kuifuata A6 hadi inakoishia. Breki mwenyewe hajawahi kufika. Mizigo yake yote ilishushwa jimbo moja kabla.

"Kwa hiyo baada ya hapo sijui kuna nini," anakiri. "Nikikuelekeza huko nitakuwa nakudanganya."

"Vizuri," anajibu mkewe, akiwasha gari upya. "Huko tutakuwa wageni wote wawili."