Mama Kanyamazishwa kwa Kusema Amina

Nimerudi nyumbani na hasira bado haijaisha.

Leo nimeimba ukumbini, huku ughaibuni, nyimbo za Kifaransa za karne iliyopita, sauti yangu na piano tu. Kila wimbo ni sala.

Mama katoka kwake Hallonbergen, pembeni mwa mji, na kitenge kipya, kakaa mbele kabisa.

Wimbo wa pili nikamwomba Mungu rehema. Mama akaitikia, "Amina!" Kama kanisani kwetu.

Wimbo ulipoisha, mpiga piano akamgeukia: "Mama, hapa si kanisani. Kimya, tafadhali."

Jamani! Mama kasoma Bukavu, kwa Kifaransa. Ukumbi mzima, yeye peke yake ndiye aliyejua kwamba ninasali.

Nikaimba zilizobaki nikimtazama yeye tu.

Hakuitikia tena.

Nyie mngemsamehe huyo mpiga piano?