Mjukuu Ninayemwita Mama

Mjukuu wangu ana jina la mama yangu. Nilimpa mimi mwenyewe, hapa hapa Ushirombo. Kwetu Wasukuma, mtoto akishabeba jina la mama yako, basi ni mama yako. Nikamwita Mayu, yaani mama, tangu hajaota meno, na alipoanza kusema naye akaniita mwanangu. Nikirudi kutoka machimboni, vumbi tupu, kitoto kile kinanisimamia mlangoni, mikono kiunoni: "Mwanangu, umenawa?" Nanawa. Mimi niliyeshinda nikifokea wanaume shimoni.

Mama yangu alifia kijijini kwetu Samuye kabla sijapata kitu. Hakuiona nyumba hii wala karasha langu la kusagia mawe ya dhahabu. Shule niliiacha darasa la tatu, vyote hivi ni mikono yangu. Nilitaka avione, hata kwa macho ya huyu mdogo.

Alipomaliza kidato cha nne nikamnunulia simu. Sijutii. Akafungua ukurasa wake, anaonyesha watu mitindo ya kusuka nywele, na huko akajipa jina jingine, la kizungu.

"Na la mama yangu?" nikamuuliza.

"Lile la kizee, babu. Na usiniite Mayu mbele za watu, wananicheka."

Babu! Hilo ndilo lililoniuma. Jina nililielewa, machimboni hata mimi nilijipachika langu, nikatembea nalo miaka. Nikaacha kumwita Mayu. Nyumba ikapoa.

Jumamosi moja alasiri alikuwa uani anamsuka binti wa jirani. Simu kaiegemeza kwenye ndoo, anaongea moja kwa moja na watu wake wa mtandaoni, Kiswahili cha puani utadhani kazaliwa Dar. Mimi natoka karashani, njaa inaniuma, nawaza michembe, viazi vyetu vikavu, nikajisahau.

"Mayu! Michembe umeweka wapi?"

Maandishi yakaanza kukimbia kwenye kioo cha simu. Binti wa jirani akayasoma, cheko limembana: "Wanauliza, Mayu si ni mama? Huyo mzee mbona anakuita hivyo? Kachanganyikiwa?"

Nikageuka nirudi nilikotoka. Nilishamharibia. Nilipotupa jicho, mikono yake ilikuwa imesimama kwenye nywele za mwenzake, kichana kinaning'inia. Kisha akaisogelea simu.

"Hajachanganyikiwa," akasema. "Huyu ni mwanangu. Mimi nina jina la mama yake."

Akalitaja. Alilitaja Kisukuma kabisa, kama linavyotajwa Samuye, ile sauti ya puani imemtoka yote. Halafu akanigeukia, mikono kiunoni, mafuta ya nywele yamejaa vidoleni.

"Mwanangu, michembe iko jikoni na karanga zake. Umenawa?"

Jina la kizungu bado liko kwenye ukurasa wake mpaka leo. Likae tu. Mimi nilienda kunawa.