Gauni la Mwanne

Kila mshono, fundi wa barazani pale Mugumu aliuanza kwa bismillahi, na uzi ukikatika aliisema upya, bila haraka, kana kwamba ile ya kwanza haikupotea bali ilikwisha tumika. Aliulowesha uzi kwa midomo, akaunyoosha kwa vidole vyenye sugu, na alizungumza na wateja huku pini amezibana kwa meno. Siku moja, wakati binti yake Mwanne amelazwa zahanati, mama yake kando ya kitanda, fundi alionekana akimshonea gauni la Idi. Obura, mwalimu wa elimu ya watu wazima, aliingiwa na hofu kwamba mzee hakuyaelewa maneno ya tabibu. Akaenda kumfafanulia.

“Shikamoo, fundi.”

“Marahaba, mwalimu. Suruali imekubana tena? Punguza ugali wa watu.”

“Hapana, mzee. Ni habari ya Mwanne. Tabibu alisema…”

“Alisema huenda asiifikie Ijumaa. Nilimwomba arudie, akarudia.” Kwa kidevu akaonyesha rafuni, palipokuwa na bafta nyeupe iliyokunjwa. “Sanda yake nimekwisha ikata.”

Maelezo aliyokuja nayo Obura hayakuwa na kazi tena. Likabaki swali moja, naye aliliuliza kwa aibu.

“Na gauni?”

“Gauni ni la kuvaa, mwalimu.”

Akalikunja chini kwa upindo mpana, ule anaowaachia watoto ili mwakani, wakirefuka, nguo ishushwe. Akamtaja Mola wake, akakanyaga cherehani.