Shairi Lisilo na Mwenyewe

Kutoka Mtwara hadi Mwanza nilitumia siku tatu, maana basi la pili liliharibika Singida tukalala juu ya magunia ya vitunguu. Tulipopita Buhongwa miguu ilikuwa imevimba hata viatu havivaliki, nikashuka mjini pekupeku kama mtu aliyeweka nadhiri. Nilikuwa na miaka arobaini na moja, cheti cha kidato cha nne na daftari la mashairi. Cheti hakuna aliyekiulizia.

Mzee mmoja wa Kihindi, mzaliwa wa hapohapo Mwanza, aliyekijua Kisukuma kuliko baadhi ya Wasukuma, alinichukua dukani kwake niwapimie watu misumari. Kila asubuhi kabla ya kufungua aliimba nyimbo za kale za dini yake kwa sauti ya mtu mwenye mafua, halafu akanifasiria huku anakunywa chai. Kwa alivyonieleza, zilisema huyu "mimi" tunayehangaika kumlisha na kumvalisha ni wa kupita tu. Nikawa nazigeuza kuwa mashairi ya Kiswahili, nahesabu mizani kwa kupanga misumari juu ya kaunta, nane huku, nane kule.

"Sasa niandikie la kwangu," alisema siku moja. "Majivu yangu yakimwagwa ziwani, ulisome wewe. Wanangu watakuja na hotuba, na hotuba zao nazijua."

Niliandika wiki mbili. Beti saba, kibwagizo kimoja: *Moto haujui kuni, majivu hayana jina.* Nilipomsomea alifumba macho mpaka ubeti wa mwisho. Humo, kama nilivyofundishwa shuleni, nilitaja jina langu, la baba yangu na la kijiji changu. Akafumbua macho.

"Hapo anayekufa nani, mimi au wewe?"

"Ndiyo desturi, Mzee. Shairi bila jina watu watasema la wizi."

"Beti sita unaniambia jina si kitu, la saba unapiga hodi na baba yako?"

"Huo wa saba ndio mzuri kuliko yote."

"Najua. Ndiyo maana nakuomba uutoe."

Sikumwahidi. Mimi ni mtu wa kuhamahama. Miji yote niliyokaa hakuna hata ukuta unaonijua, na mahali pekee nilipobaki ni kwenye beti zangu za mwisho. Yeye alikuwa na duka, mke, watoto na kibao mlangoni. Kudharau jina kulimgharimu nini?

Alikufa mvua za kwanza zilipoanza. Siku ya majivu tulisimama kando ya ziwa, korongo wakitutazama kama wadai urithi. Wanawe walitoa hotuba; kweli alizijua. Kisha nikasoma. Nilipomaliza ubeti wa sita, wa saba ulikuwa hapo kwenye karatasi, jina langu limeandikwa kwa wino mzito. Nikakitazama kile chungu kidogo cha majivu mikononi mwa mjane wake. Nikakunja karatasi.

"Mshairi, mbona hujajitaja?" aliuliza seremala wa Igoma, mteja wetu wa siku nyingi.

"Limeisha."

"Linaishaje bila mwenyewe? Umelinakili wapi?"

Watu wakacheka. Binti wa marehemu akaniuliza kwa heshima zote limetoka kitabu gani, maana lilimfaa sana baba yake. Nikaitia karatasi mfukoni. Nikasema sikumbuki. Mjane akamwaga majivu, upepo ukarudisha mengine kwenye suruali yangu.

Wiki iliyofuata duka lilifungwa, nami nikaamua kwenda Bukoba. Seremala alinisindikiza mpaka Kigongo, akanibebea begi hadi kivukoni.

"Usione haya, kaka," alisema. "Kila mtu huanza kwa kunakili. Siku ukitunga la kwako mwenyewe, unitumie."

"Nitakutumia."

Nikapanda. Suruali nilikuwa bado sijaifua.